Kusini Niliyomwonyesha

Nilikuwa mpima ardhi wa mgodi kwa miaka mingi. Msaidizi wangu alinishikia mira, ile fimbo ndefu ya rangi nyekundu na nyeupe, nami nikaitazama kupitia teodoliti, chombo changu cha kupimia pembe. Mishahara ilipokatika, mimi nilibaki nyumbani na ramani zangu, yeye akaanza kulima mahindi kwenye njia ya Mwadingusha, nje ya mji wetu wa Likasi.

Ndipo injinia mmoja wa Kizungu, tuliyefanya naye kazi sote wawili, alipofunga mizigo yake kurudi kwao. Alikuwa na darubini ya kutazamia nyota, yenye kompyuta ndani na kisanduku cha vitufe cha kushika mkononi. Miaka yote nilijua kwamba siku akiondoka ataniachia mimi. Akampa msaidizi wangu.

Sikulala vizuri wiki ile. Mke wangu aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema ni tumbo.

Jumamosi moja jioni, msaidizi alikuja kunichukua. Darubini ilikuwa imesimama uani kwake, imeunganishwa na betri ya gari.

“Shefu, kitabu inasema tuielekeze kwa nyota ya kaskazini,” alisema. “Lakini ile nyota huku kwetu haionekane.”

Alisema kweli. Hapa Likasi, kusini mwa ikweta, nyota hiyo haichomozi kamwe. Huku kwetu mhimili wa darubini lazima uelekee ncha ya anga ya kusini, na ncha hiyo haina nyota angavu ya kuitambulisha. Tena iko chini sana, digri kumi na moja tu juu ya upeo, ndani ya moshi wa mioto ya porini. Mhimili usipokaa sawa, kompyuta huifuata nyota vibaya, nayo hutoka kwenye jicho la darubini.

“Basi kusini iko wapi, Shefu?”

Nilitoa dira yangu mfukoni. Sindano ya dira haiangalii kusini kamili. Inakosea digri chache, na digri hizo nilizijua kama jina langu. Nikanyoosha mkono palepale ilipoonyesha sindano, bila kuzitoa.

“Kule,” nikasema.

Akanishukuru. Majirani walikuja kutazama sayari ya Mshtarii, na kila mara ilitelezea pembeni kabla mtu wa pili hajainama. Wakacheka, wakaenda zao. Nilirudi nyumbani nikala ugali kwa hamu, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Wiki tatu zilipita. Akanialika tena. Safari hii nilikuta akina mama na watoto kwenye mstari, na Mshtarii imetulia katikati ya jicho, vimwezi vyake vinne pembeni, haisogei.

“Nani amekusaidia?” nikauliza, na sauti yangu mwenyewe ikanitisha.

“Hakuna muntu. Nilichagua nyota moja ya juu, nikaiangalia tu. Ikiteleza upande huu, nasogeza miguu kidogo. Ikiteleza upande ule, narudisha. Kila siku kidogo kidogo.”

Niliona wivu zaidi ya siku ile alipopewa darubini. Ile ilikuwa zawadi ya Mzungu. Kusini hii aliipata kwa akili yake. Nilingoja watu waishe, nikamwambia:

“Siku ile nilikuonyesha vibaya. Nilijua.”

Alikuwa anakunja waya wa betri. Hakuinua uso.

“Minye pia nilijua, Shefu. Miaka yote nimeshika mira, kila asubuhi nilikuona unasoma dira, kisha unatoa digri za makosa yake. Siku ile haukutoa.”

“Mbona hukusema?”

“Weye ni mukubwa yangu. Ningesema nini?”

Nikamtajia zile digri, nikampa dira yangu. Akaenda kupima alipokuwa amefikisha miguu ya darubini, akarudi anatabasamu: alikuwa amezipata zote, bila dira. Akaniletea kiti nitazame peke yangu. Nilitazama muda mrefu. Mshtarii ilikuwa nzuri, na darubini bado niliitaka iwe yangu.