Kifungo Juu ya Kioo

Chumba chetu cha kazi tulikipanga wawili: mimi na cherehani yangu, dobi na pasi yake. Dobi huyo tulimwita Mzee Mikunjo, kwa sababu hakuweza kumwona mtu mwenye shati lililojikunja bila kuumia moyoni. Mkewe alikuwa shemeji yangu wa utani. Macho yake yalikuwa yamekwisha, akabaki kutofautisha mwanga na giza tu, na pumu ilimbana vibaya. Alishinda nyumbani peke yake, mtaa wa pili kutoka hapa. Siku kifua kilipokataa hata dawa ya kuvuta, kilichobaki kumwokoa kilikuwa simu.

Ilikuwa simu kuukuu ya vitufe, imefungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Akishikilia kitufe cha pembeni, simu ya mumewe ililia mezani kwetu kazini, na Mikunjo akatoka mbio akiniachia pasi. Siku nyingine shemeji alipiga kuuliza tu kama tumekula. Nikimwambia wivu wake unatuharibia kazi, alinijibu kwamba hakuna mwizi wa mume anayenuka jasho namna ile.

Kisha binti yao akaja likizo, na siku moja akarudi kutoka mjini na simu mbili za kioo, ya mama na ya baba. Zile za zamani alikuwa amezibadilisha nazo dukani, akaongeza pesa juu. Alifanya kwa mapenzi, sikatai. Lakini kipya kinyemi, ingawa kidonda. Alimwekea mama yake picha ya baba katikati ya kioo. Ukiigusa, simu inapiga.

"Ni rahisi, mama. Hata mtoto mdogo anaitumia."

"Mimi si mtoto mdogo, mwanangu. Mimi ni mtu mzima asiyeona."

Binti akasema basi aiamuru kwa sauti. Mtu aliyekabwa na pumu atatoa sauti gani? Natamani nimpate aliyebuni kitu kile, nimfunge kitambaa machoni, nimkabe koo kidogo tu, halafu nimwambie apige simu.

Binti aliporudi kazini, Mikunjo alihangaika na kile kioo laini kisicho na bonde wala mlima. Mwishowe akafungua kopo lake la vifungo vilivyokatika kwenye nguo za wateja, akachagua kimoja cheupe cha koti, na kukibandika kwa gundi. Hakukiweka juu ya picha, maana tulijaribu tukaona kioo kinataka ngozi ya mtu. Kitu kigumu kama kifungo, kioo hakikisikii. Alikiweka pembeni ya picha, upande wa juu. Akamfundisha mkewe: tafuta kifungo, teremsha kidole, hapo ndipo nilipo mimi. Shemeji alifanya mazoezi hadi mlio wa simu ya mumewe ukanichosha. Tukajipongeza kama watu waliogundua dawa.

Siku ile simu ilikaa kimya tangu asubuhi. Mikunjo aliiweka juu ya mashati yaliyokunjwa, aione vizuri. Nilimtania kwamba leo shemeji amepata mume mwingine, naye akacheka, akasema afadhali, kumbe kalala vizuri. Tukafanya kazi kwa raha. Raha ile mpaka leo naijutia.

Jioni nilimsindikiza kumpelekea shemeji gauni nililompunguzia. Tulimkuta amekaa sakafuni, ameegemea kitanda, amekwisha kupoa. Chupa ya dawa ilikuwa tupu pembeni. Simu ilikuwa mkononi, na kidole gumba kilikuwa bado juu ya kifungo. Mikunjo alipokitoa taratibu, tuliona vitundu vinne vya kile kifungo vimejichora kwenye ngozi.

Nikaelewa. Mazoea yana taabu. Akiwa ametulia alikumbuka kuteremsha kidole. Pumzi ilipokata, mkono ulirudi kwenye jambo ulilolijua miaka yote: kutafuta kilichoinuka na kukikandamiza. Alikikandamiza hadi mwisho. Picha ya mumewe ilikuwa chini kidogo ya kifungo, umbali usiofika upana wa ukucha.

Binti alifika kesho yake akilia, akiuliza kwa nini mama hakupiga simu. Niliogopa jibu. Mikunjo alikuwa ananyoosha nguo ya kumzikia mkewe, kila mkunjo, kana kwamba mwenyewe angeikagua. Hakugeuka.

"Alipiga, mwanangu," alisema. "Simu ndiyo haikumsikia."