Siku Tuliyompeleka Muhindo Mpondwe

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, huko Karambi, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, hapakuwa na mama asiyeogopa ebino. Ni meno mabaya, walisema, yanayojificha ndani ya ufizi wa mtoto mchanga. Yasipochokolewa, mtoto huhara mpaka afe. Baba, aliyekuwa katekista, aliikemea imani hiyo kila penye ubatizo. "Mtoto akiugua, mpelekeni kituo cha afya. Si kwa wenye spoki za baiskeli."

Mdogo wangu Kabugho alikufa kwa kuhara akiwa na miezi saba. Matangani, bibi alimwambia Baba mbele ya watu: "Yalikuwa ebino. Nilikuambia."

Kisha akazaliwa Muhindo, mvulana wa kwanza nyumbani kwetu. Naye alipofika miezi saba akaanza kuhara. Mama alimpeleka kituo cha afya, akapewa unga wa chumvi wa kuchanganya na maji. Siku ya pili hali ilikuwa ileile.

"Lala kidogo," Baba akamwambia Mama. "Nampeleka kwa padre ambariki. Masika atanibebea mfuko." Akanikabidhi mfuko.

Kanisa la Bwera tulilipita bila kusimama. Mpondwe, nyuma ya soko, mwanamke wa ng'ambo ya mpaka alitandika kitenge chini. Baba alishika kichwa cha mtoto, mimi miguu. Spoki ilikuwa imenolewa ncha.

"Kamata na nguvu, mutoto asicheze," mwanamke aliniambia. Kisha akamtazama Baba, akacheka. "Aa, katekista! Si ni weye unatutukanaka kanisani? Leo unalia kushinda mutoto!"

Alipomaliza kuchokoa ufizi, alituonyesha punje mbili nyeupe juu ya jani. Leo najua zilikuwa meno yake ya kawaida, ambayo hayakuwa yamekomaa.

Njiani Baba alisema, "Mama akiuliza, tulikuwa kwa padre." Hakuwahi kunituma niseme uongo kabla ya hapo, wala baada ya hapo.

Mama aliuliza. Nikasema padre amembariki. Alipoona damu kwenye shuka alidhani jino la kwanza linatoka. Asubuhi Muhindo hakuweza kunyonya, na midomo ilikuwa imepauka.

"Masika, mwanangu, jana mlikwenda wapi?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtazama, akainamisha macho.

"Mpondwe," nikasema.

Mama alimfunga mtoto mgongoni, akatoka. Hospitalini Muhindo aliongezwa damu, akalazwa wiki tatu, akapona. Muda wote huo Mama hakumruhusu Baba amshike.

Baba aliendelea kufundisha dini, ila ebino hakuyataja tena kanisani. Sijui ni mama wangapi waliokosa onyo lake kwa sababu hiyo.

Kwa miaka mingi nilimwona mnafiki. Sasa nadhani aliyaamini aliyoyafundisha. Lakini alikuwa amezika mtoto mmoja huku akiyafuata, na hakuwa na nguvu za kuzika wa pili.

Mwezi uliopita binti yangu mchanga alipata homa na kuhara. Nilijua la kufanya: nilimfunga mgongoni niende kituo cha afya. Nilipofika mlangoni nikarudi ndani, nikamshusha, nikaingiza kidole kinywani mwake, nikapapasa ufizi.