Viti vya Kumpokelea Inspekta

Shuleni kwetu Tshopo tuliketi juu ya matofali na kuandika magotini. Viti vya serikali vilikuwa vimefika mjini, na inspekta wa elimu alikuja kutafuta shule isiyo na viti ili aipe.

Papa direkta, mkuu wa shule yetu, akakataa aibu. "Mugeni wa serikali atukute hivi? Hapana!" Akatutuma kuazima viti vya shule ya ng'ambo ya barabara. Tukavibeba kichwani, tukiimba wimbo wa Chama tawala.

Inspekta alifurahi. "Citoyen directeur, ndugu raia, hapa iko muzuri! Batoto banakaa kama baministre!"

Direkta akacheka kusikia tukifananishwa na mawaziri. Mimi pia nikacheka, sijui kwa nini.

Kisha inspekta akavuka barabara, akakuta watoto wa shule ya jirani wameketi chini. Viti vyote vya serikali akawapa wao.

Labda sielewi mambo ya uongozi, lakini siwezi kumlaumu: aliwapa waliokosa. Direkta naye alitaka kumheshimu mgeni tu. Jioni tukarudisha viti vya watu.

Mtihani wa mwisho tuliuandika magotini. Walipofaulu wachache, inspekta alishangaa kweli: shule yenye viti vizuri namna ile, donc, basi, watoto wenyewe ni wavivu.