Mkwe Wangu Anataka Injini ya Michezo, Lakini Anachoniagiza ni cha Safari

Assalaam alaykum ndugu zangu wa ukurasa huu. Hamjambo? Wazima na watoto? Mimi nashukuru Mungu, mwili mzima, moyo ndio hautulii. Admin, nifichie jina, Pemba ni ndogo na kazi yangu inajulikana.

Ni mwanamme wa miaka hamsini na moja, fundi wa injini za boti hapa Wete. Skuli niliishia darasa la saba. Mkwe wangu, nimwite Hamad, anawaonesha wageni michezo hotelini kwa ile jeti-ski ndogo ya kusimama. Anairusha, inapinduka hewani, anatua nayo. Kijana mpole, anasali, sijapata kusikia kampandishia sauti binti yangu, ambaye sasa ana mimba ya miezi saba.

Mwezi uliopita kaniletea injini. "Baba, nataka nguvu, nipinduke mara mbili."

Nikafurahi. Nikamwambia mchezo huo unataka injini inayochomoka ghafla. Tutie propela ya kuchomoka, tuitoe flaiwili ile nzito inayochaji betri, tuweke nyepesi isiyochaji. Ukigusa tu, imeruka. Betri haitadumu hata saa, lakini mchezo wenyewe ni dakika kumi na ufuo uko pale pale.

Akainama. "La, baba. Ya kuchaji iwache. Na propela nitilie ya mbio ndefu."

"Mbio ndefu za nini, na wewe unazunguka mbele ya hoteli?"

"Wageni wanapenda mbio, baba."

Hakuniangalia. Na kwetu mtu na mkwewe wana haya, siwezi kumbana kama mtoto wa mtaani.

Wiki ile ile mwenye duka la spea, Muhindi niliyesoma naye skuli, akanicheka: "Fundi, mkweo kanunua tangi la pili la petroli. Anakwenda kupindukia Mombasa?" Nikacheka naye. Kisha binti yangu, bila kujua lolote, akanambia, "Baba, Hamad pasipoti yake kaifunga nailoni. Ati mende wataitafuna!"

Kwanza nilidhani karafuu za magendo. Lakini chombo kile hakina pa kuweka hata pishi moja. Basi kinachovuka ni yeye mwenyewe.

Najua dhana mbaya ni dhambi, naomba toba kila sala. Lakini nilifanya jambo. Siku ya kufunga injini nilimtilia ya michezo: flaiwili nyepesi, propela ya kuchomoka. Nikafunika, nikamwambia, "Nimekutilia ulichotaka." Nimetoka kusali Alasiri, udhu ninao bado, nikasema uongo. Nilikusudia betri imfie karibu na pwani, arudi kwa mkewe na aibu yake.

Juzi kaijaribu hapo hotelini, kapinduka mara mbili, akaja kunibusu mkono. "Baba, hii sasa injini!" Nikaanza kujilaumu, labda kweli ni michezo tu. Jana akaniaga: Jumamosi anakwenda kisiwa cha Fundo, hapo mbele ya Wete, na jeti-ski, kumtazama shangazi yake. Ndugu zangu, harusini jamaa zake wote walikuja na nilitambulishwa mmoja mmoja. Shangazi wa Fundo hakuwepo. Na ukishaipita Fundo ni bahari tupu mpaka bara.

Betri ikimfia huko hana kasia, hana nanga. Binti yangu atakuwa kizuka, mjane wa kukaa eda, kwa mkono wangu mimi. Nikimwambia ukweli, ataitaka flaiwili yake, nimfungie, aondoke salama amwache mwenzake na mimba. Nikimwambia binti, naiogopea hali yake.

Flaiwili yenyewe iko hapa chini ya meza yangu ya kazi, nimeifunika gunia. Kila mteja akiingia nahisi anaitazama.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Leo ni Jumatano. Nijibuni upesi.