Vitu Tulivyochunga

Mtu wa Bunia akikwambia anachunga kitu, usidhani ana mbuzi. Kuchunga ni kumwekea mwenzako kitu chake mpaka arudi. Lilikuwa neno zuri, neno la majirani, kabla vita havijalitia uvundo. Mwaka ule watu walikimbia mtaa kwa mtaa, na nyuma yao vitanda, masufuria, mabati na hata milango ikapita barabarani juu ya vichwa vya watu wengine. Ukiuliza, kila kichwa kilikujibu kwamba kinachunga.

Pétronille alikuwa mjane wa mtaa wa Mudzipela, mfuaji wa nguo za kanisa. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akifua vitambaa vya altare na kuvinyoosha kwa pasi ya makaa, na hakuwa na jambo jingine la kujivunia. Hakuwa mtu wa kuficha akichukia. Kwaresima ya mwaka ule alianza kuchukia Jumatano ya Majivu, alipoona watu wakipakwa majivu huku wamevaa viatu vya wenzao waliokimbia.

Zaidi ya wote alimchukia Mama Nadège, prezidenti wa kundi la akina mama. Nadège alifunga kavu, asimeze hata mate. Aliyatema katika leso, akaikunja, akaitia kifuani, kisha akakupa mkono uleule umsalimie. Na jikoni kwake nyama ya ng'ombe wa watu ilining'inia juu ya moshi, nzi wameifunika, mafuta yakidondoka jivuni.

"Si tunafunga, mama?" Pétronille alimwuliza siku moja.

"Tunafunga. Hii nyama iko ya Pasaka. Tunaichunga tu."

Pétronille alitoka nje akatema mate, na yeye hakuwa amefunga kavu.

Jumapili ya tano ilikaribia, siku ambayo misalaba hufunikwa kwa zambarau mpaka Ijumaa Kuu. Vitambaa vya kanisa askari walikuwa wamevibeba kufungia risasi. Basi Nadège akaleta kitambaa kikubwa cha zambarau, kimekunjwa vizuri.

"Fua hii, mama. Itaenea musalaba mukubwa."

"Imetoka wapi?"

"Iko ya mutu. Tunamuchungia."

Pétronille alikikunjua uani, peke yake, akakutana na kiraka cha kijani ukubwa wa kiganja. Alikijua. Tundu lililo chini ya kiraka kile alilichoma yeye mwenyewe, siku alipompigia jirani yake Musoki mapazia ya sebuleni pasi. Musoki, mke wa mfanyabiashara aliyetoka Butembo, hakumgombeza. Alicheka, akashona kiraka, akasema sasa pazia limepata alama ya kuzaliwa. Mwezi wa kwanza alikuwa amekimbilia Beni na watoto, na leo pazia lake lilitakiwa limfunike Yesu.

"Wezi!" Pétronille aliufokea ukuta. Alichota maji, akalisugua pazia kwa hasira mpaka vidole vikachubuka, akiapa kwamba Jumapili atamrushia Nadège kitambaa chake usoni mbele ya waumini wote, na padri aone ni kundi gani analolilisha Mwili wa Bwana. Alipomaliza akamwaga povu, akalipindua beseni likauke.

Kwenye kitako cha beseni palikuwa na herufi M, imechorwa kwa msumari.

Nyani haoni kundule. Asubuhi ile baada ya Musoki kukimbia, mlango ukiwa umeshavunjwa, Pétronille aliingia akatoka na beseni lile, na ndani yake makopo matatu ya maharagwe. Alijiambia anachunga. Beseni, haya, tuseme alilichunga. Lakini maharagwe aliyapika wiki ileile, kwa chumvi na vitunguu, na yalimnogea. Maharagwe gani yanachungwa tumboni? Aliketi juu ya jiwe la kufulia, akainusa mikono yake, akajiona mchafu kuliko Nadège na leso yake.

Hakurusha kitu Jumapili. Hasira yake yote iliishia kwenye mbavu. Alikifunga kitambaa msalabani, kiraka kimegeuziwa ndani, akarudi kwenye benchi na kuimba kama wengine.

Ijumaa Kuu Musoki alirudi. Alikuja kanisani amekonda, kandambili mguuni hazifanani, akasimama kwenye mstari wa kubusu msalaba. Padri, Abbé Lucien, alipokivuta kitambaa, kikaanguka kimejigeuza, kiraka juu. Musoki alikitazama kitambo. Kisha akapiga magoti, akabusu mti, akainuka.

Nje akina mama walimzunguka kwa pole nyingi. Nadège alikuwa wa kwanza.

"Rido yako ya sebuleni, mama, tulikuchungia. Sasa iko hata na baraka!"

"Aksanti," Musoki akasema, kwa sauti ya mtu aliyetembea mbali. Akamshika Pétronille mkono. "Mama Pétronille, nilimwambia bwana yangu: hata wakibeba nyumba muzima, huyu hawezi kugusa kitu."

Pétronille aliyasikia maharagwe yale yakimrudi kooni, baada ya miezi yote ile.

"Beseni yako iko kwangu," alisema.

Musoki alitabasamu. Alimpa lile neno kwa upole, kama mtu anavyomsogezea mgeni kiti. "Ah. Uliichunga."

Akina mama wakatikisa vichwa kuitikia. Nadège alitikisa kuliko wote. Kilichobaki ni Pétronille kuketi kwenye kiti hicho pamoja nao.

"Hapana," akasema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Niliiba. Na maharagwe nilikula."