Njia ya Malori

Walimwita Pimamaji tangu alipokuwa kibarua wa kubeba zege, kwa sababu hakuwa mtu wa kuamini macho. Fundi akimwambia ukuta umenyooka, yeye huweka juu yake kile kifaa chenye tone la hewa ndani ya maji, huinama, hufumba jicho moja, kisha husema, "Bomoa kozi mbili za matofali." Mafundi walimnunia, wenye nyumba wakampenda, na ndivyo alivyopanda. Kutoka kibarua akawa fundi, kutoka fundi akawa nyapara, na hatimaye akawa mkandarasi mwenye pikapu, mashine ya kuchanganyia zege na watu waliomwita bosi.

Nyumba alijenga nyingi. Yake hakuwa nayo. Yeye, mkewe na watoto wao walipanga vyumba viwili ambavyo mvua ikinyesha, kitanda lazima kisogezwe.

"Usiwaambie majirani unafanya kazi gani," mkewe alikuwa akimtania huku akitega ndoo chini ya tundu. "Watacheka mpaka tuhame."

Naye alicheka. Lakini kuna siku hakucheka. Alikwenda kwenye jumba moja la ghorofa alilokuwa amelimaliza mwaka uliotangulia, akitaka tu kumwonyesha mteja mpya ngazi zake. Mlinzi alimzuia getini.

"Una miadi na mwenye nyumba?"

"Ndugu yangu, geti hilo unaloliegemea nimelifunga mimi."

"Basi unajua linavyofungwa," mlinzi akamjibu, akalifunga.

Maneno hayo yalimkaa kooni kama mfupa. Jioni ile alimwambia mkewe kwamba ujenzi wa kuwajengea watu sasa basi. Watanunua kiwanja, watajenga nyumba nne ndogo zilizoshikana, wapangishe, kodi iwalishe, na kodi hiyo ijenge nyingine. Alilisema jambo lile kwa ufasaha, kama mtu aliyelifanyia mazoezi njiani.

Mkewe alikuwa na duka la madaftari na vifaa vya shule, pamoja na mashine ya kutolea nakala, aliloanza kwa kuuza kalamu mojamoja. Ndilo lililolipa ada za watoto miezi ambayo wateja wa Pimamaji walikuwa wagumu kulipa. Alijua fedha za kiwanja zingetoka wapi.

"Nikiuza duka, baba watoto, sina pengine pa kushika."

"Utashika kodi. Wewe ndiye utakayekusanya. Hata mimi nikitaka ya vocha nitakuja kwako nikiwa nimevua kofia."

Akauza duka. Pimamaji akauza pikapu na mashine ya zege.

Dalali aliyewapeleka kuona kiwanja alikuwa mtu wa maneno mengi na viatu vilivyong'aa hata kwenye vumbi. Kiwanja kilikuwa kizuri, tambarare, na bei yake ilikuwa chini kuliko viwanja vyote walivyoonyeshwa. Kati yake na barabara palikuwa na kiwanja kingine kitupu, chenye majani na kibao cha bati kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: KIWANJA HIKI HAKIUZWI, na namba ya simu chini yake. Katikati ya majani hayo ilipita njia pana ya magurudumu.

"Njia ya kuingilia ni ipi?" mkewe akauliza.

"Mama, na hii unayoikanyaga ni nini?" dalali akacheka. "Malori ya mchanga yanapita hapa kila siku."

Mkewe alimtazama Pimamaji. Pimamaji aliinama, akashika udongo ulioshindiliwa na magurudumu, akaona umeshiba uzito wa miaka. Mtu asiyeamini ukuta mpaka aupime aliutazama udongo ule akaamini. Tangu ujana wake, swali la njia lilikuwa moja tu: je, lori linafika? Kama lori linafika, kazi inaanza. Mambo mengine yalikuwa ya wenye nyumba na ofisi zao, na yeye hajawahi kuwa mwenye nyumba.

"Lori likipita, mama watoto, hakuna kitakachoshindwa kupita."

Wakalipa.

Mwaka ule alijenga kama hajawahi kujenga. Msingi aliuchimba hadi vibarua wakamwuliza kama anatafuta maji. Nondo hazikupunguzwa hata moja. Kokoto na mchanga vilimwagwa kwenye kiwanja cha mbele, maana ndipo penye nafasi, na hapohapo wakachanganya zege. Nyapara wake, mtu mfupi mwenye masihara aliyekuwa naye tangu zamani, alimfuata siku ya kwanza.

"Bosi, hiki kibao kinaziba magari."

"Kiwekeni pembeni."

Kesho yake kibao kilikuwa kimelazwa chini, maandishi juu, na mafundi walikuwa wakichanganyia udongo wa plasta juu yake. Bati lilikuwa zuri, nene, halivuji. Pimamaji alipita, akaliona, akaendelea kukagua lenta za juu ya milango. Kupiga ile namba hakukumjia akilini, si kwa jeuri, bali kwa mazoea. Kila eneo la ujenzi alilopata kulijua lilikuwa limemwagia vifusi jirani yake.

Plasta ilikwisha. Milango ikafungwa. Wapangaji wawili walikwishalipa malipo ya awali. Bado sakafu, rangi na shimo la maji taka. Asubuhi moja lori la vigae lilipopiga honi barabarani na kuendelea kupiga, Pimamaji alitoka kuona kulikoni. Njia ya malori ilikuwa imekatwa na mtaro mpya wa msingi, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Kando yake alisimama mwanamke mtu mzima aliyevaa buti za mpira, akiwa na mpimaji ardhi na vibarua.

"Shikamoo mama," Pimamaji alisema. "Samahani, hapa ni njia."

"Marahaba. Njia ya nani, baba?"

"Ya... ya huku nyuma."

"Hapa ni kwangu. Nilinunua nikiwa nesi wa zamu, nimestaafu, sasa najenga." Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ya kumwambia mgonjwa ageuke upande wa pili. "Palikuwa na kibao changu hapa. Kiko wapi?"

Pimamaji alitupa jicho kule kwenye mchanga. Nesi alitembea taratibu hadi kwenye lundo la mchanga, akaliinua lile bati kwa mikono miwili. Plasta iliyokauka ilimeguka, na namba yake ya simu ikatokea nusu.

"Mwaka mzima mmekanyaga kwangu, mmechimba, mmemwaga," alisema. "Na namba mlikuwa nayo. Mlikuwa mkiifanyia kazi juu yake."

Siku zilizofuata Pimamaji alihangaika kama kuku mwenye yai. Ofisi ya ardhi ilimwambia kwamba kiwanja chake kinafikiwa kwa kijia cha miguu kando ya mfereji, ambacho mtu mnene hulazimika kukipita kiubavu. Gari la kunyonya maji taka halingepita, la maji halingepita, hata kitanda kingepita kwa kubishana. Dalali alipopatikana kwenye simu hakuonyesha wasiwasi.

"Mkuu, mimi nilikuonyesha kiwanja. Barabara sikukuuzia."

Wapangaji walikuja, wakakitazama kijia, wakaomba fedha zao warudishiwe. Mkewe ndiye aliyewarudishia, akihesabu noti mojamoja mbele ya Pimamaji.

Wakaenda wote wawili kwa nesi. Sebule yake ilikuwa ndogo na safi kama wodi. Pimamaji alijikaza kisabuni.

"Mama, tuuzie upande tu, upana wa gari. Au nikujengee nyumba yako yote bure. Nguvu zangu na za watu wangu."

"Kiwanja changu chembamba, baba. Nikikupa upana wa gari, mimi nitalala wapi? Na wewe ungeniuliza kabla, ningechora nyumba yangu vingine. Nisingekunyima. Ramani imepita, msingi umechimbwa."

"Tulikosea, mama," mkewe alisema. Alisema tulikosea, ingawa ni yeye peke yake aliyeuliza njia siku ile.

Nesi alimtazama kwa huruma ya kweli. "Nyumba zenu nazinunua mimi, mkitaka. Kwangu zina njia. Lakini siwezi kulipa kana kwamba zina njia hata kwenu."

Bei aliyoitaja haikufika hata gharama ya matofali na nondo. Hakuwa mwizi, na hapo ndipo palipouma. Walijaribu wanunuzi wengine. Kila mmoja alikifikia kijia, akageuza. Kitu ambacho mtu mmoja tu duniani anaweza kukitumia, bei yake hupangwa na huyo mmoja. Muhula wa shule ulipokaribia, wakasaini.

Wino haujakauka, nesi akavua miwani. "Fundi, nataka unimalizie wewe. Sakafu, rangi, na ukuta wa kuzunguka. Nimeziona kuta zako. Sijaona kazi kama ile."

Ilikuwa sifa, na ilimwingia kama msumari. Nyumbani alimweleza mkewe akitarajia ghadhabu. Mkewe alikuwa akipiga pasi sare za watoto. Aliyenunua lile duka alikuwa amemwajiri asimamie mashine ya nakala, ileile.

"Chukua kazi," alisema bila kuinua kichwa. "Malipo ulete hapa, yakiwa mazima. Ukikutana na dalali, fumba macho."

"Mama watoto, mimi nilitaka..."

"Najua ulichotaka. Nilikiuzia duka. Nisogezee hilo shati."

Jumatatu Pimamaji alifika mapema, akiwa na zana za kuazima. Alipita kwenye kijia cha mfereji, kiubavu, ingawa mbele palikuwa wazi na nesi alikwishamruhusu. Nyapara alimkuta amesimama nyuma ya zile nyumba nne, mkononi ana futi ya kupimia.

"Ukuta unaanzia wapi, bosi?"

"Kwenye bikoni ya mama, jiwe la mpaka."

"Ipi? Ile yake ya kule, au hii ya kwako?"

Pimamaji alimpa ncha ya futi.

"Zote za kwake. Vuta."

Nyapara akaishika ncha. Akavuta futi mpaka kona ya mwisho, akapiga kelele kusoma kipimo, na Pimamaji akakiandika ukutani kwa penseli, kwa mwandiko wake mzuri.