Sorry Niliyomwambia Colin

Admin, jina langu kaa nalo wewe. Watu wa mtaani kwangu Tooting wakinitambua, basi, nishazeeka. Nina miaka sabini na sita, Muhindi wa Mombasa. Tulikuja London na pasi zetu za Kiingereza enzi zile Wahindi tulipokuwa tukihama Kenya kwa vishindo.

Nilipata kazi kiwandani, kupakia biskuti, na huko nikakutana na Colin, Mwingereza mpiga fidla. Mimi nilikuja na kodiani yangu, kinanda cha kuvuta, niliyokuwa nikipigia taarab harusini. Akaniingiza kwenye bendi yao. Tulipiga nyimbo za kale za mashamba ya Marekani, na za Cajun, yaani wale watu wa Louisiana wanaoimba Kifaransa, na swing za kuchezea dansi. Hakuna umeme wala spika, vyombo vitupu. Barabarani nilitukanwa Paki, tusi lao kwa Wahindi na Wapakistani. Kwenye bendi nilikuwa mtu, wallahi.

Mwaka wa tisa tukaitwa harusini Wembley. Mimi ndiye niliyeshusha vyombo garini. Colin akafungua sanduku la fidla, fidla ya marehemu babake, akaikuta shingo imevunjika. Nilishtuka, nikamshika bega: "Oh, sorry! Sorry sana ndugu yangu!"

Nyinyi mnanielewa. Kwetu hata mtu akijikwaa ng'ambo ya barabara unampa pole, na mimi nilijua pole kwa Kiingereza ni sorry. Colin akanitazama.

"Kumbe ni wewe?"

"Mimi? Hata! Nakupa pole tu."

"Kama si wewe, sorry ya nini?"

Wenzetu wakanigeukia. Lau ningekaa nikaeleza! Lakini hasira zangu hizi, mama alisema zitanizika. Nikasema, "Haya, mimi ndiye mvunjaji, kwaherini," nikabeba kodiani nikapanda basi. Colin aliniandikia barua mbili, nikazichana bila kuzisoma. Miaka arobaini na zaidi, yeye Walthamstow, mimi Tooting, treni mbili tu.

Juzi mkewe, Maureen, akanipigia simu. Colin amefariki. Neno likanitoka lilelile: "Sorry, Maureen. Sorry sana."

Akalia. "Najua, najua. Colin alikusamehe zamani. Alitaka umpigie kodiani siku ya kuzikwa, watu wajue yamekwisha."

Jamani, amenisamehe nini? Nikienda kupiga, nimekiri mbele ya kanisa zima. Nikimwambia mjane kuwa sikuivunja, namwambia mumewe alipoteza miaka yote ile bure, na mimi pia. Nisipokwenda, nimemwacha mara ya pili. Na vidole vyenyewe vimekakamaa, sijui kama vitanitii.

Mazishi ni Ijumaa, saa nne asubuhi. Wenzangu mlioishi na Waingereza hawa, niambieni, niende nikaseme nini? Aliyestahili kunisikia hasikii tena.